Arobaini na Tisa na Kitu

Mwalimu Florent alikutwa saa moja asubuhi, kalala chali chini ya ubao wake mwenyewe, kompasi kubwa ya mbao ya kuchorea duara imemwingia shingoni. Chaki ilikuwa bado vidoleni. Mlinzi aliyefungua darasa alikimbia kumwita mkurugenzi.

Inspekta Albert Nyembo alishuka kwenye pikipiki, akaingia bila kuvua kofia. Watu wa mji huu wa Kamina wanamjua: hasemi pole, wala hapokei kiti. Alichutama, akagusa shavu la maiti.

"Bado ana uvuguvugu," alisema. "Hajamaliza hata masaa mawili. Nani anakuja shule saa kumi na mbili?"

"Yeye, chef," alijibu mkurugenzi, Papa Nahum, Mmethodisti mwembamba mwenye tai. "Kesho njo proclamation, tunasomea wazazi alama zote. Alikuwa anamalizia matokeo."

Nyembo aliinua macho. Ubao ulikuwa umefutwa kwa kiganja, na kiganja hicho kilikuwa na damu. Lakini mfutaji alikuwa na haraka. Pembeni yalibaki maandishi machache: 49,5, mshale wenye ndoano mwishoni, kisha 50.

"Mwanafunzi gani ana 49,5?"

"Hakuna, chef. Na angekuwepo, angepita. Tano inapanda."

"Wa arobaini na tisa na kitu wako wangapi?"

"Batatu. Ève ana 49,46. Marc 49,47. Naomie 49,48. Bote bamebaki. Hamsini njo mlango, na hawakuufikia."

Nyembo alijipapasa shavu. Miaka thelathini nyuma alizabwa kofi darasani kwa kosa la namna hii, na hajalisahau mpaka leo.

"Papa Nahum, 49,48 ukiikadiria kuwa namba nzima?"

"Arobaini na tisa! Unatazama tarakimu moja tu, ya kwanza nyuma ya koma. Iko ine, inaanguka. Huwezi kuipandisha kwanza iwe 49,5, halafu uipandishe tena iwe hamsini. Ni wizi huo."

"Ni wizi, na kuna mtu ameufanya hapa ubaoni, mbele ya mwalimu. Walibishana kwa chaki, kisha wakamaliza kwa kompasi." Nyembo alisimama. "Muuaji wetu hajui hesabu. Watoto alishawafundisha; niitie wazazi wa hao watatu. Na damu isioshwe."

Maiti ilipelekwa hospitali. Kompasi ilibaki mezani na dimbwi la damu sakafuni, nzi wakalikuta. Nyembo akaandika ubaoni 12,47 na kumpa kila mzazi chaki. Aliyetaka kufika ubaoni ilimbidi alivuke dimbwi. Ukatili? Ndiyo, na alikusudia.

Wa kwanza alikuwa Mama Béthanie, mama yake Ève, karani wa ofisi ya serikali.

"Kadiria mpaka namba nzima."

Akaandika 12, akaitupa chaki. "Chef, miye niko karani miaka kumi na mbili. Unanivusha damu ya mwenzangu sababu ya hii?"

"Nenda kazini, mama."

Wa pili, Mzee Kalunga, babu yake Marc, mkulima wa Kaniama. Vumbi la njia lilikuwa bado kwenye nyusi. Dereva wa pikipiki aliyemleta alithibitisha kwamba waliondoka kule alfajiri kwa ajili ya proclamation ya kesho na walikuwa wamefika sasa hivi. Aliishika chaki kama sigara.

"Sijui kuandika, mwanangu. Mutoto njo anajua."

"Kaa pale, mzee. Pole kwa safari." Neno hilo lilimtoka Nyembo bila yeye kutaka.

Wa tatu alikuwa Mwepu, baba yake Naomie, mbeba mahindi kwa baiskeli. Mtaa mzima ulimwita Quarante-neuf, Arobaini na Tisa kwa Kifaransa. Zamani alikosa diploma kwa asilimia arobaini na tisa, na jina likamganda. Mkono wake wa kulia ulikuwa umefungwa kitambaa.

"Umeumia?"

"Mnyororo wa baiskeli, chef."

"Andika."

Mwepu hakusita. Alionekana hata kufurahi kuulizwa. Akaandika 12,5, akachora mshale, akaandika 13. Mshale ulikuwa na ndoano mwishoni.

"Nieleze."

"Saba inapanda, inafanya ine kuwa tano. Tano nayo inapanda. Kumi na tatu." Alitabasamu. "Nilijifunza peke yangu, chef."

"Tazama kulia kwako."

Mwepu alitazama. Mshale mmoja ulikuwa wake wa sasa. Mwingine ulikuwa wa asubuhi, chini ya alama ya kiganja.

"Fungua kitambaa."

"Chef..."

"Fungua!"

Katikati ya kiganja palikuwa na tundu dogo, bichi, la mviringo. Nyembo aliiinua kompasi kwa leso. Ina miguu miwili: mmoja wa kushika chaki, mwingine wa ncha ya chuma.

"Baiskeli yako ina mnyororo wa ajabu. Ulikuja saa ngapi?"

"Kumi na mbili."

"Kufanya nini?"

"Kumuomba." Mwepu alikaa sakafuni, karibu na damu, bila kujali. "Ndugu yangu wa Lubumbashi analipia Naomie masomo. Alisema: akirudia darasa, basi, hatalipa tena. Atakuja kulima na kuolewa. Mwalimu akaniambia mutoto ana 49,48, nikamuonyesha hesabu ubaoni. Nikamuambia, tazama, inafika hamsini."

"Akasemaje?"

"Alicheka, chef. Aliandika namba ya mutoto, akaizungushia duara ile ine, akaniambia: 'Hii inaanguka, na weye ulianguka hapahapa. Baba Quarante-neuf, binti Quarante-neuf. Iko mu damu.' Miaka ishirini na sita ninaitwa vile, sokoni, kanisani. Nikasema mutoto wangu hapana. Kompasi ilikuwa pale mezani. Alipogeuka nikamuchoma nayo. Akataka kunipokonya, ikanitoboa. Nikamuchoma tena."

"Mara ngapi?"

"Tatu. Alikuwa angali anacheka ile ya kwanza."

Nyembo alimfunga pingu.

Saa tisa alasiri Naomie alifika kituoni na bakuli la bukari, ugali wa kwao, lililofunikwa kitambaa, maana mahabusu wa Kamina hula cha nyumbani au hawali. Macho yalikuwa yamemvimba. Nyembo alimkalisha mezani na kumtoa Mwepu seli. Alitaka baba asahihishwe na mwanawe mwenyewe. Jeuri tu, hakukuwa na sababu nyingine.

"Alama zako za vipindi vinne vya mwaka unazo?"

"Niko nazo kichwani, papa." Akaandika: 47,34, 51,24, 49,14, 50,34.

"Tafuta wastani. Halafu umuonyeshe baba yako namna ya kukadiria."

Kalamu ilikwenda, ikasimama. Naomie akaanza upya. Jumla 198,06. Gawanya kwa nne: 49,515.

"Si 49,48?" aliuliza Nyembo.

"Hapana, papa."

Nyembo alilifungua daftari la marehemu, kielelezo cha kesi. Yote yalikuwemo, kwa mwandiko mzuri: 47,3, 51,2, 49,1, 50,3. Florent alikuwa amekata kila kipindi kabla ya kujumlisha. Vipande vinne vidogo vilitupwa, na ndani yake mlikuwa na mtoto wa watu.

"Alitufundisha mwenyewe," Naomie alinong'ona. "Unakadiria mara moja tu, mwishoni. Alichoka, labda."

"Na 49,515?" Sauti ya Mwepu ilitoka kavu. "Namba nzima?"

"Nyuma ya koma iko tano, tata. Inapanda mara moja tu. Hamsini."

"Andika tena."

Aliandika tena. Hamsini.

"Tena."

"Tata, haibadiliki!" Msichana alilia kwa sauti. "Ungemuomba arudie kujumlisha! Kujumlisha tu!"

Mwepu alilitazama bakuli la bukari, akalisukuma pembeni. Nyembo, aliyekuwa ameyaanzisha haya kwa jeuri yake, alilifunga daftari. Akamrudisha Mwepu seli.

Kesho yake proclamation ilifanyika vilevile. Papa Nahum alikuwa amezijumlisha upya alama za wote watatu. Ève na Marc walibaki palepale. Alisoma kwa sauti yake ya kanisani: "Naomie Mwepu, hamsini kwa mia. Amepita."

Hakuna aliyepiga makofi. Msichana alitembea peke yake kuchukua karatasi yake, na mwanamke mmoja katikati ya umati akamuuliza jirani yake, bila kujali nani anasikia: "Ni nani ule?"

"Haumujue? Njo binti ya Quarante-neuf."