Pale Sufu Ilipokatikia

Kila asubuhi Merrin Tolland alikunywa chai upesi upesi, akala mkate wa jemu akiwa wima, kisha akaenda malishoni. Familia yake ilifuga kondoo katika nyanda za kati za kisiwa cha Tasmania. Baba mkwe wake, mzee Clarrie, alijivunia wingi wa kundi.

"Tazama, mwanangu. Kilima chote cheupe!" alikuwa akisema.

Kwake, kuuza kondoo kwa sababu ya ukame ilikuwa aibu kubwa.

Zamani sufu yao ilipakiwa melini ikaenda zake ng'ambo. Mwaka huo, baada ya kunyoa kondoo, Merrin aliipeleka kwenye kiwanda kidogo cha mjini. Rosalind, mwenye kiwanda, angeisokota iwe uzi. Wanawake wa hapo hapo wangefuma kofia, skafu na glavu. Merrin alikuwa mmoja wao, na alifurahi kama bibi harusi.

Furaha haikudumu. Rosalind alipiga simu.

"Merrin, sufu yenu inakatika. Mashine inasimama kila mara. Nawapa msimu mmoja tu. Ikikatika tena, nitaagiza kofia zilizofumwa ng'ambo."

"Na sisi wafumaji?"

"Nitafanyaje, dada? Nami nakula humu humu."

Merrin alilia jikoni bila kujificha. Clarrie akafoka, "Kondoo wangu wote wanono! Mbovu ni mashine yake."

Basi Merrin akamwita jirani yao, Dulcie Frame, aliyefanya kazi ya kuchambua sufu tangu ujana. Mama yule alijua kazi, jamani! Alichomoa kishungi cha sufu, akakivuta kwa mikono miwili karibu na sikio, akakigonga kwa kidole. Kikatatarika, kisha kikakatika katikati. Akachukua kingine. Kikakatikia pale pale.

"Sogeza sikio, Clarrie."

"La kulia halisikii."

"Basi lete la kushoto, usinichoshe!"

Clarrie akasogea, akasikia.

"Sufu nzima hulia kama waya wa gitaa," Dulcie alieleza. "Hii inatatarika. Huku nchani kondoo alikula vizuri. Huku karibu na ngozi alikula vizuri. Hapa katikati alishinda njaa."

"Lakini ni wanono!"

"Walinenepa mvua iliponyesha. Ule ukame wa Machi je, walikula nini?"

Clarrie akakitazama kile kishungi. Alijua walikula vumbi.

"Sasa tufanyeje, mama?" Merrin aliuliza.

"Msingoje nyasi ziishe. Dalili za ukame zikianza tu, uzeni baadhi, wangali na afya. Waliobaki wahamisheni kipande hadi kipande cha malisho. Msiache udongo uchi. Nyasi zikibaki kidogo, mvua ikija zinachipua haraka. Na chakula cha nyongeza wapeni kabla hawajakonda."

"Nipunguze kundi? Majirani watanicheka," alisema Clarrie.

"Waache wacheke. Kicheko hakifumi kofia."

Februari ukame ukarudi. Merrin aliogopa kumkumbusha mzee. Mkwe ni mkwe. Lakini asubuhi moja alimkuta langoni, akitenga kondoo wa kuuza. Lori lilikuwa limeshafika. Mzee hakumtazama usoni.

"Usisimame kama mgeni, mwanangu. Fungua lango."

Merrin alifungua. Alimpenda mzee yule siku hiyo kuliko siku zote.

Waliobaki walihamishwa malisho na kupewa nyasi kavu na nafaka kabla ya kukonda. Kilima hakikuwa cheupe tena, lakini hakikukosa majani. Oktoba walinyolewa, na sufu ikapelekwa kiwandani.

Merrin na Clarrie walisimama kando ya mashine. Rosalind aliiwasha. Uzi ukaanza kujizungusha, mweupe, mwembamba, sawasawa. Merrin aliukodolea macho, akingoja ukatike. Haukukatika. Wafumaji waliacha chai yao wakaja kutazama, na uzi ukazidi kuja.

Rosalind akanyanyua simu.

"Zile kofia za ng'ambo nilizoulizia," alisema, "msizilete. Tunayo mikono hapa."

Wanawake walipiga vigelegele. Clarrie machozi yalimtoka, wala hakuyafuta. Alimshika Merrin mkono.

"Mwanangu," alisema, "nifundishe kufuma."