Mkono wa Muzdalifa

Wanangu, hebu oneni kwa macho ya moyo: wodi ya hospitali Dar es Salaam, asubuhi, mapazia yamefunguliwa. Kitandani yupo Muzdalifa, mkulima wa korosho kutoka Bungu. Amelala fofofo. Ila mkono wake wa kulia uko macho. Unapapasa shuka polepole, kama mtu anayetafuta mlango gizani.

Jana yake kiharusi kilimwangusha shambani, kikaua upande wa kulia na kufunga ulimi. Mumewe, Abdulatifu, hakungoja tiba za nyumbani, mafusho wala kombe la kunywa. Alikodi gari, wakawahi. Muzdalifa akatundikiwa dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda kichwani.

"Mmefanya vizuri kuwahi," daktari alisema. "Anayepata nafuu siku ya kwanza, mara nyingi hupona. Lakini nisikufiche, baba. Mshipa ulioziba ni mkubwa, na sukari imepanda. Nafuu ya mapema siitarajii."

Abdulatifu akatoka hadi kwenye bomba la kutawadhia. Kwao nadhiri huwekwa kwa jina la Mungu, na kitakachotolewa hutajwa. Yeye, kwa hofu, hakumtaja Mungu. "Yeyote anisikiaye," alinong'ona, "mpe mkono wake. Nyumba yangu ni yako." Bomba lilikuwa limefungwa, lakini likadondosha tope jeusi lenye harufu ya mikoko.

Na sasa mkono umeamka.

"Nimefurahi kukosea," daktari akasema. "Hebu bana vidole vyangu, mama." Mkono ukabana mpaka daktari akapiga ukelele.

Wakarudi Bungu. "Shoga, mkono huo si utuazime tukapalilie?" jirani yao Habiba akatania, na kibaraza kizima kikacheka. Mkono ukampungia. Muzdalifa alikuwa akilia.

Siku zikapita, na mkono ukazidi nguvu, ukamlisha hata aliposhiba, ukafungua milango aliyotaka ifungwe, na kila adhuhuri, mwenyewe akisinzia mkekani, ukanyooka taratibu kuelekea kwa bintiye Shamsia, ukamshika nywele, ukashuka shingoni, ukatulia pale kwenye mshipa unaodunda, baridi, umelowa, ukinuka tope la mikoko ya delta, kule mto unakoingia baharini, ambako hakuna hata mmoja wao aliyewahi kufika.

Ulimi ulipofunguka kidogo, Muzdalifa alisema, "Shamsia... usiushike. Si wangu."

Wakamwita Mwalimu Bushiri, mtoa majini wa Kibiti. Akafukiza ubani, akasoma, akauliza, "Nani wewe? Nani kakuleta?"

Kinywa cha Muzdalifa kikafunguka. Sauti iliyotoka ilikuwa ya kiume, tulivu, kama ya mtu aliyejinyoosha kwake. "Mwenye nyumba. Muulizeni."

Abdulatifu akaficha uso, akasimulia. Mwalimu akafunga msahafu.

"Aliyevamia namtoa. Aliyekaribishwa akapewa nyumba, mimi nitamtoaje?"

"Basi natengua! Natengua neno langu..."

Mkono ukaruka ukamkaba Muzdalifa kooni. Macho yakamtoka. Shamsia akauvuta kwa nguvu zake zote, haukusogea.

"Baba, nyamaza!" alilia. "Nyamaza, utamuua!"

Abdulatifu akanyamaza. Mkono ukalegea, ukampangusa Muzdalifa mate, kwa upole.

Hajatengua tena. Daktari husema hajaona mgonjwa aliyepona vile.

Basi wanangu, mkipita Bungu, mtamwona mama kibarazani, na mkono utawapungia. Msiupungie. Mtazameni machoni, mmwamkie yeye, kwa jina lake. Yumo mle, anasikia. Nawaomba mkumbuke hilo tu.