Kiatu Kilichokatwa Kidoleni

Saa mbili asubuhi mzee fundi cherehani alikutwa ameanguka kando ya meza yake, shati la mikono mirefu limefungwa hadi shingoni, midomo imevimba. Walipomfungua vifungo wakaona kifua kizima kina malengelenge. Kabla gari la wagonjwa halijafika, binti yake alishatoa hukumu: wifi yake, anayempikia mzee chai kila siku, amemtilia sumu.

Mpelelezi alikuwa mama mkavu wa maneno, mwenye subira na vitu kuliko watu. Alipeleka chai maabara, akamketisha yule wifi, mkaza mwana wa mzee, jikoni. Huyu alikiri kwamba juzi aligombana na mzee. Figo za mzee zilikuwa dhaifu, naye alimtaka aache kushona, apumzike. Binti alisimama mlangoni akidai wifi yake atiwe pingu.

Maabara ikajibu kwamba chai ilikuwa chai tu.

"Basi alitia kwenye chakula," binti akasema. Akishang'ang'ania neno, humng'oi.

Mpelelezi akarudi chumba cha kushonea. Kiatu cha kulia cha mzee kilikuwa kimekatwa penye kidole gumba, na ukingo umepindwa kwa mshono safi. Kanyagio la cherehani lilikuwa na vumbi upande wa kulia, kushoto limeng'aa. Mzee alikuwa akificha mguu unaomuuma. Chini ya sanduku la vifungo akakuta vidonge vimefungwa kwenye kitambaa.

Alimuuliza binti kama kuna ndugu mwingine aliyewahi kuugua hivi.

"Baba mdogo. Alikuwa na jongo, kidole gumba cha mguu kikimvimba na kumuuma, akaanza dawa, ngozi ikamvuka, akafa. Tukajua mkewe kamlisha sumu. Tukamfukuza."

Siku tatu baadaye mzee alikuwa ameketi kitandani hospitalini, na wote wamemzunguka. Mpelelezi akaweka vidonge mapajani mwake.

"Rafiki yangu alinigawia," mzee akasema. "Yeye vilimponya jongo. Ningewaambia mguu unaniuma, mngenifungia cherehani. Ngozi ilipoanza kuwasha nikavaa mikono mirefu. Sumu nimejilisha mwenyewe, nikaisukumia kwa chai ya mkwe wangu."

Daktari akaeleza kwamba dawa yenyewe ni nzuri na huwasaidia wengi. Lakini wapo waliorithi kitu katika damu kinachoufanya mwili uikatae vibaya, na ndugu wa tumbo moja wanaweza kukirithi pamoja. Tena figo dhaifu haziitoi dawa upesi, nayo hujazana mwilini, na mzee alikuwa ameanza na kipimo kikubwa cha mtu mwenye figo nzima. Walikuwa wamewahi, angepona. Watoto nao wasimeze vidonge hivyo kabla ya kupimwa.

Mkaza mwana akashusha pumzi ndefu, akacheka na kulia kwa pamoja. Alikuwa amekuja na chupa ya chai, na hakuna aliyethubutu kuigusa.

Binti akaichukua. Akajimiminia kikombe, akanywa chote amesimama, kisha akamtazama wifi yake usoni kwa mara ya kwanza tangu mzee aanguke.

"Nisamehe, wifi," akasema. "Kesho unisindikize. Namtafuta mama mdogo tuliyemfukuza."