Mafuta ya Kukamulia Kwenye Pikipiki ya Mama

Caren hakuhitaji kuamshwa. Kabla jua halijatokeza alikuwa ameketi chini ya Chelel, ng'ombe wao mweupe, ndoo katikati ya magoti. Kijiji chao cha milimani, Sosiot, asubuhi kina baridi ya kung'ata masikio. Ukungu ulikuwa umelala juu ya majani chai, na mafuta ya kukamulia yalikuwa yameganda ndani ya mkebe. Caren aliyachota kwa kidole, akayasugua viganjani hadi yakalainika, ndipo akampaka Chelel kwenye chuchu. Chelel alikuwa na hasira za karibu. Ukimshika kwa mikono ya baridi alipiga ndoo teke, na siku hiyo chai ilinywewa bila maziwa.

Upande wa pili wa ua, mama yake alikuwa akiamsha mnyama mwingine. Hiyo ilikuwa pikipiki kubwa nyeupe, tangi pana, kiti kilichoinuka sana hata wanaume wengi wa Sosiot walikikwea wakiomba Mungu. Mwaka huo wa tisini na sita pikipiki zilikuwa chache, na ya ukubwa huo ilikuwa moja tu. Zahanati ya kanisa ilikuwa imepewa pikipiki hiyo na marafiki wa ng'ambo, na aliyeiendesha ni muuguzi Sally, mama yake Caren. Watu walimwita Sista Sally. Kila Jumatano alifunga kasha la chanjo nyuma ya kiti, akateremka milima hadi Soin, bondeni kwenye joto, ambako akina mama walimngojea na watoto wao wachanga.

Siku hizi, hata hivyo, pikipiki ilikuwa imeingiwa na tabia mbaya. Mama alizungusha mpini wa kulia ili kuongeza moto. Wapi! Akazungusha zaidi. Injini ilinguruma vilevile. Kisha ghafla pikipiki ikaruka mbele kama ndama aliyefunguliwa kamba. Alipouachilia mpini, ulikawia kurudi, halafu ukarudi kwa mkupuo na kumsukuma mama kifua hadi kwenye tangi.

"Wewe!" Mama aliikemea. "Una nini asubuhi hii?"

Caren aliendelea kukamua. Alikuwa na siri yake, ila aliiona kuwa siri njema. Wiki mbili zilizopita mama alilalamika kwamba mpini umekuwa mzito na mkono unamuuma. Caren alikuwa mtoto mwenye huruma nyingi na haraka nyingi zaidi. Mama alipolala mchana, alifungua kifuniko cha mpira kwenye mpini, akaona kebo nyembamba ikiingia katika mrija mweusi unaoshuka hadi kwenye injini. Akayeyusha mafuta ya kukamulia kwenye kijiko, akayamimina ndani ya mrija hadi ukajaa. Kama yanalainisha chuchu za ng'ombe, yatashindwa na waya?

Mchana huohuo mama alishangaa. "Leo mpini ni mwepesi!" Caren alitabasamu peke yake, asiseme neno. Alitaka wema wake ugunduliwe wenyewe, apate sifa maradufu.

Asubuhi hiyo, ambayo ilikuwa Jumatano, pikipiki iliruka mahali pabaya. Ilikuwa kwenye mteremko wenye matope, karibu na kituo cha kununulia majani chai, mbele ya watu waliopanga foleni na vikapu vyao. Mama alianguka. Goti lilichubuka, kasha la chanjo likapasuka, na watoto wa Soin hawakuchanjwa siku hiyo.

Habari zilifika shuleni kabla ya kengele ya jioni.

"Ati mama yako ametupwa na pikipiki?" aliuliza Zack, mwanafunzi mwenzake wa darasa la saba. "Mjomba wangu Kipkurui anasema ile ni ya wanaume."

"Mjomba wako ameiendesha lini?" Caren akamrudishia.

"Ataiendesha keshokutwa. Kamati ya zahanati imemwambia aijaribu. Wewe ngoja tu."

Kweli, Ijumaa adhuhuri, jua likiwaka, mwinjilisti Kipkurui aliizungusha pikipiki kwenye uwanja wa kanisa. Ilikwenda vizuri, haikuruka hata kidogo. Mzee Hezekiah, mwenyekiti wa kamati ya zahanati, alitikisa kichwa kwa masikitiko.

"Sista, hii pikipiki haina ugonjwa."

"Mzee, hata mimi mchana hainisumbui," alisema mama. "Nikifika Soin kwenye joto, inakwenda vizuri kabisa. Shida ni asubuhi, huku kwetu."

"Kwani pikipiki inavaa saa?" mtu mmoja akauliza, na kamati nzima ikacheka.

Mzee Hezekiah hakucheka. "Jumatatu tutaamua. Kama imekushinda, atapewa mwinjilisti aende nayo kwa mikutano yake. Akina mama wa Soin watapanda huku wenyewe na watoto."

Caren, aliyetoka shuleni saa ya chakula na kusimama kando ya mama yake, aliijua njia hiyo. Kupanda kutoka Soin na mtoto mgongoni ni kazi ya kutoa machozi. Wengi wangekata tamaa, na watoto wao wangekaa bila chanjo.

Jioni mama alifungua plagi, akaipangusa. Akafungua kabureta, akaisafisha. Kebo hakuigusa, maana mpini ulikuwa mwepesi jua lilipowaka. Mwishowe aliketi chini, bisibisi mkononi.

"Labda ni mimi," alisema polepole. "Labda mikono yangu imezeeka."

Caren hakuwahi kumsikia mama yake akisema hivyo. Neno lile lilimuuma kuliko kipigo.

Asubuhi ya Jumamosi alikwenda kukamua kama kawaida. Akatia kidole kwenye mkebe wa mafuta. Yalikuwa magumu. Akayasugua, yakalainika. Mikono yake ikasimama hapohapo. Asubuhi magumu, mchana laini! Pikipiki asubuhi inakwama, mchana inakwenda! Kumbe aliyemwangusha mama yake ni yeye.

Hofu ilimwambia anyamaze. Nani angejua? Lakini alimkumbuka mama akiwa ameketi chini na bisibisi yake. Mficha maradhi, kifo humuumbua, mama aliwaambia hivyo wagonjwa kila siku. Caren aliacha ndoo ikiwa nusu, akakimbia jikoni.

"Mama, si wewe. Ni mimi. Nilitia mafuta ya Chelel ndani ya kebo ya pikipiki."

Mama alikasirika, na hakuficha. "Caren! Ningevunjika shingo! Mbona hukuniambia?"

"Nilitaka kukusaidia. Nilidhani umepona mkono." Caren alianza kulia.

"Lia ukishamaliza. Sasa leta mafuta ya taa na yale ya cherehani," mama akasema. Sauti yake ilikuwa imerudi kuwa ile ya kila siku.

Walichomoa kebo. Ndani ya mrija mlikuwa na uji mzito wa kijivu, mafuta yaliyochanganyika na vumbi la barabara. Waliupitishia mafuta ya taa tena na tena mpaka yakatoka safi, wakauanika. Kisha wakairudisha kebo mrijani, wakauning'iniza kwenye msumari, na Caren akadondosha mafuta ya cherehani juu, tone baada ya tone, mpaka yakatokeza chini.

Walipoifunga kebo kwenye pikipiki, Caren alitaka mama aondoke mara moja. Mama akakataa. Aliwasha injini, akageuza usukani kushoto mpaka mwisho. Injini ikapiga kelele yenyewe.

"Umesikia? Tumeikaza mno. Nikipiga kona itaniongezea moto bila ruhusa. Haraka ndiyo iliyotufikisha hapa, Caren. Legeza kidogo."

Walilegeza, wakajaribu, wakalegeza tena, mpaka mpini ukacheza kidogo tu, unene wa sarafu, kabla ya kuvuta. Usukani ulipogeuzwa, injini haikubadili sauti.

"Bado kazi moja," mama alisema. "Nenda kwa Mzee Hezekiah umweleze. Nikisema mimi, wataona ni kisingizio."

Caren alikwenda. Mzee alikuwa shambani akichuma chai.

"Chamgei, Mzee," alisalimu, kisha akasema yote bila kuruka chochote. Mzee aliitikia salamu, akaweka kikapu chini.

"Jumatatu tutakuja alfajiri," alisema. "Kwenye baridi."

Wanakamati walikuja, wote wamejikunyata kwenye makoti. Mama alivuta pikipiki hadi chini ya ule mteremko alikoanguka, akamgeukia mwenyekiti.

"Panda nyuma, Mzee."

"Mimi?"

"Wewe."

Mzee Hezekiah alipanda, kofia yake ya kanisani kichwani, macho ameyafumba. Mama alizungusha mpini. Pikipiki ilianza kupanda taratibu, ikakata kona kwenye matope, ikafika juu, ikageuka, ikateremka na kusimama. Haikuruka hata mara moja. Kofia ya Mzee ilikuwa palepale. Watu wa foleni ya chai walipiga makofi, na Zack alipiga kwa nguvu kuliko wote.

Mzee alishuka, akafumbua macho. "Sista Sally, tulikupima mchana kwa shida ya asubuhi. Ulituambia, tukakucheka. Tusamehe. Jumatano utakwenda Soin kama kawaida."

Mwinjilisti Kipkurui alimpa mama mkono. "Nitaendelea na baiskeli yangu, dada," alisema, na alionekana kufurahi.

Kisha Mzee akamwita Caren mbele ya kamati. "Mtoto wangu, wengi wetu hapa tumewahi kuharibu kitu tukitaka kusaidia. Hilo si dhambi. Lakini ukigusa kitu cha mwenzako, mwambie umekigusa, hata kama ulikigusa kwa wema. Ungesema siku ile, mama yako asingeanguka. Na uliposema juzi, ukijua utaaibika, uliwaokoa watoto wa Soin. Ukweli ulikuwa na kazi siku zote mbili."

"Nimesikia, Mzee," alijibu Caren.

Jumatano mama alifunga kasha jipya la chanjo, akaondoka kukiwa na ukungu. Caren alisimama langoni, akamsikiliza akiteremka mlima mpaka sauti ya injini ikapotelea bondeni. Ilikuwa sauti moja iliyonyooka, bila kukatika.