Kitabu Ambacho Twiga Hakukisoma

Kila siku baada ya masomo Twiga alifanya mazoezi ya mpira wa kikapu, kisha akaenda kuchota maji, kupika na kumwogesha mdogo wake. Jina la Twiga alibandikwa na wenzake kwa urefu wake, naye alishalizoea. Alichoshindwa kukizoea ni uchovu. Akifungua daftari tu, usingizi huo.

Wiki moja mwalimu wa maktaba aliwataka wachezaji wote wapendekeze kitabu cha mpira wa kikapu wanachokipenda. Kila mmoja angeandika karatasi ya kubandikwa ndani ya jalada. Twiga alichukua kitabu chenye picha ya msichana anayecheka. Bila kukifungua, akaandika: "Kitakuchekesha mpaka mbavu zikuume. Nimekisoma mara mbili." Mara mbili! Hata mara moja ingekuwa uongo.

Wakati huo rafiki yake Kidoti, mchezaji mwenzake, alikuwa nyumbani. Alikuwa amevunjika mguu uwanjani. Plasta ilishatolewa, na daktari alimwagiza atembee kwa magongo kila siku, asije akabaki kuchechemea. Baba yake, fundi cherehani, alifika maktaba kumtafutia kitabu cha kumchangamsha. Aliona karatasi ya Twiga ndani ya kitabu kile, akakichukua.

Siku nne baadaye fundi alimsubiri Twiga langoni mwa shule, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Alimweleza kwamba katika kitabu kile mchezaji anavunjika mguu, na harudi tena uwanjani. Tangu akimalize, Kidoti hataki hata kuyagusa magongo.

"Nilikichukua kwa sababu ya jina lako, mwanangu," alisema. "Mbona uliandika kinachekesha?"

Twiga alitaka kusema kwamba alichanganya vitabu. Uongo huo wa pili ulishamfika ulimini, lakini alimwona mzee yule amechoka kuliko yeye, akaona aibu.

"Sikukisoma, baba. Nilikuwa nimechoka, nikaandika tu."

Fundi hakumgombeza. Alimtaka maneno hayo akamwambie Kidoti mwenyewe.

Walimkuta amelala, ameugeukia ukuta. Twiga alisema yote. Kidoti aligeuka, akamtazama.

"Nilidhani timu nzima mnajua sitacheza tena," alisema, "mkaona mniambie kwa kitabu."

Twiga alilia, akaapa kwamba hakuna aliyewaza hivyo. Kidoti akamuuliza, basi ni kitabu gani anachokipenda kweli. Twiga aliona haya kujibu. Kilikuwa kijitabu cha watoto wadogo, chenye michoro ya kupasi na kurusha mpira, na alikuwa amekisoma mpaka kurasa zikalegea. Hakuwahi kukitaja kwa kuogopa kuchekwa. Kidoti hakucheka. Alimwambia akilete.

Asubuhi yake Twiga alimweleza mwalimu wa maktaba ukweli, akaazima kijitabu kile. Mchana walikisoma pamoja, ukurasa kwa ukurasa, na hawakufika mbali. Kidoti alidai kwamba mchezaji katika mchoro mmoja ameweka viwiko vibaya. Twiga akasema ndivyo inavyotakiwa. Wakabishana hadi Kidoti akachoka maneno, akaitisha magongo aende uani akamwonyeshe. Alipiga hatua tisa, jasho likimtoka, meno ameyakaza.

Fundi alisimamisha cherehani, akawatazama. Alisubiri Kidoti aketi.

"Mwanangu," alimwambia Twiga, "ukimpendekezea mtu kitabu, unamwazima macho yako. Mimi niliyaamini. Ukichoka, sema umechoka, hakuna atakayekulaumu, maana sote tunachoka. Lakini usimwazime mtu macho uliyoyafumba."