Ushuhuda wa Vidonge vya Zambarau

Uvumi wenyewe ulisemwa kwa kicheko, na aliyeusema hakujua kwamba kichwa chake kimo mikononi mwa anayesemwa.

"Hujasikia, mwenzangu?" alisema mshona mapazia, mteja wa kila mwezi, akiwa ametulia kitini mbele ya kioo. "Jumamosi pale ukumbini kuna binti mwenye kifafa anapandishwa jukwaani. Kapona kwa vile vidonge vya zambarau. Dawa za hospitali katupa zote! Na anayeuza ni mchumba wake mwenyewe."

Vidole vya msusi vilisimama katikati ya msuko.

"Nani kakwambia?"

"Mtaa mzima unajua. Wanasema alikuwa akianguka mara tatu kwa siku, povu linamtoka kama sabuni ya unga. Leo mzima kama chuma. We, mbona unanivuta? Hicho ni kichwa, si kamba ya ng'ombe."

"Samahani, dada."

"Jina hawasemi. Lakini nitakwenda. Mimi kitu nakiamini nikikiona kwa macho yangu."

Msusi akaendelea kusuka. Mara tatu kwa siku? Hajawahi. Ni kweli alianza kuanguka akiwa darasa la tano, lakini miaka sita sasa alikuwa hajaanguka hata mara moja, kwa kidonge kimoja asubuhi na kimoja jioni. Hata wenzake wa saluni hawakujua. Dunia nzima waliojua ni watatu: mama yake, sista wa kliniki na mwanaume mmoja muuza vidonge, ambaye watu wanamwita Kinga.

Mama angezikwa na siri hiyo. Sista kazi yake ni kufunga mdomo. Basi kabaki nani?

Aliyebaki ndiye aliyempenda. Kinga alikuja saluni kubandika tangazo lake ukutani, akaondoka na namba ya simu. Suruali imenyooka, maneno matamu. "Mwili ni kama bati," alikuwa akiwaambia wateja. "Likinyeshewa linaota kutu. Seli zako zina kutu. Hizi antioksidanti zinakwangua kutu yote, kinga inapanda, ugonjwa unakosa pa kukaa." Watu wakacheka, watu wakanunua.

Msusi hakumpendea hayo. Wanaume wawili kabla yake walikimbia waliposikia neno kifafa, mmoja aliacha hata koti. Kinga hakukimbia. Alimshika mkono akasema, "Hata ukianguka mbele yangu, nitakuokota." Kwa neno hilo moja msusi alimpa moyo wote, hakubakiza hata kipande cha akiba.

Na Kinga alipomwambia aache dawa za hospitali, "zinazuia seli kusafishika," aliacha. Leo ilikuwa siku ya tisa. Asubuhi ile mkono wake wa kulia uliruka wenyewe, chanuo likaanguka sakafuni. Alijiambia ni uchovu. Sasa alijua si uchovu.

Alipomaliza kichwa cha mshona mapazia alitoka uani kwenye kamba ya mataulo, akapiga simu.

"Kipenzi cha roho!" Kinga alipokea mlio wa kwanza. "Sijui umejuaje, nilikuwa nakuwaza sasa hivi."

"Uliwaambia watu ugonjwa wangu?"

Kinga akashusha sauti.

"Sikutaja jina."

"Jumamosi nikipanda jukwaani, jina utalificha wapi? Mfukoni?"

"Nilitaka kukushtukiza kwa furaha, kipenzi. Sikiliza. Ushuhuda bila mgonjwa ni hadithi tu. Watu wanataka wamwone mtu. Nikipata shahidi mmoja mzito napandishwa daraja, naitwa Dhahabu. Na palepale nakuvisha pete mbele ya watu mia tatu! Mwanamke gani hataki?"

"Na nikianguka?"

"Huwezi kuanguka. Seli zako zimeshasafishwa."

"Nani kazipima?"

"Imani kwanza, vipimo baadaye."

Msusi akakata simu. Dakika haikupita, ujumbe ukaingia: *Usiniharibie kipenzi. Nimeshawaahidi wakubwa. Vaa lile gauni la zambarau.*

Hakujibu. Aliaga saluni, akarudi nyumbani.

Mama yake alikuwa akipiga pasi nguo za watu, kazi iliyomlea binti huyo tangu baba yake afariki. Ni mama wa wasiwasi. Mlango ukigongwa, yeye moyo unagonga mara mbili.

"Mama, nimeacha dawa siku tisa."

Mama alisahau pasi juu ya shati. Harufu ya kuungua ikajaa chumba kizima ndipo akashtuka, akainyanyua.

"Umefanya nini wewe mtoto?"

"Alisema zinazuia..."

"Leta vidonge vya hospitali! Meza vyote vya siku tisa, sasa hivi!"

"Mama! Unataka kuniponya au kunimaliza? Twende kwa sista."

Mama akakaa kitandani, shati lililoungua mapajani, machozi yanamtoka.

"Twende. Lakini mwanangu, usigombane na yule kijana. Zungumza naye taratibu. Wawili walishakimbia. Mwanamke mwenye... mwenye..."

"Malizia, mama. Mwenye nini?"

Mama akaweka shati kando. Alifunga kitambaa chake kichwani, wakaondoka.

Sista wa kliniki alisikiliza mpaka mwisho bila kukatiza. Ndipo akavua miwani.

"Una bahati una miguu ya kuja nayo hapa. Dawa ya kifafa haiachwi ghafla, hata siku moja. Degedege linaweza kuja likagoma kukatika, na watu wanakufa. Mkono unaruka?"

"Leo asubuhi."

"Huo ni mwili unabisha hodi. Utamwona daktari sasa hivi akupangie upya, na ukiandikiwa kiwango ufuate hichohicho, usifidie ulizoruka. Kwa sasa usikae karibu na moto, usitembee peke yako."

"Na hivi?" Msusi akaweka kopo la zambarau mezani.

Sista akaligeuza, akasoma maandishi madogo ya nyuma.

"Matunda makavu, majani makavu, vitamini. Neno antioksidanti muuzaji hajalitunga, lipo. Zimo kwenye mboga na matunda unayokula kila siku. Lakini sijaona popote ilipothibitishwa kwamba zinaponya kifafa. Na yaliyomo kwenye makopo mengine yanagombana na dawa zako humohumo tumboni. Kama mtu anataka kumeza, aje kwanza atuulize. Sasa huyu aliyekuachisha dawa ni daktari wa wapi?"

"Si daktari."

"Ni nani?"

"Ni mchumba wangu."

Sista alimtazama mama, mama akatazama sakafu.

Njiani kurudi, mama alikuwa amemkamata binti mkono kama anavuka naye mto.

"Jumamosi jifungie ndani. Uvumi ni moshi, utapita."

"Nikijifungia watampandisha mgonjwa mwingine. Na mimi nitabaki na povu lao la sabuni mpaka nizeeke. Nitakwenda, mama."

"Utawaambia una kifafa? Kwa mdomo wako?"

"Wameshasema kwa mdomo wao. Wangu una ubaya gani?"

Mama aliukaza mkono wa binti yake.

"Basi usiende peke yako," akasema.

Jumamosi ukumbi ulifurika. Zambarau kila mahali, vitambaa, tai, mpaka maputo. Bosi wa kampuni, mwanaume mnene mwenye sauti ya tarumbeta, alikuwa akiwachemsha watu.

"Seli!"

"Safi!"

"Kinga!"

"Juu!"

Kinga alipomwona msusi akiingia na mama yake, kavaa gauni la kazini, lenye madoa ya dawa ya nywele, tabasamu lake liliyumba kidogo. Akamfuata mlangoni.

"Mbona hukuvaa lile gauni?"

"Hili ndilo langu."

"Sawa, sawa. Kumbuka tu: umeacha dawa, umepona, unashukuru. Sentensi tatu. Mimi napiga goti."

Akampandisha jukwaani, Bosi akamkabidhi kipaza sauti. Kule nyuma mshona mapazia alisimama, mkono mdomoni. "Mungu wangu! Kumbe ni yeye! Na mimi nikamwambia habari za povu!"

"Mimi ni msusi," alianza. "Nina kifafa."

Makofi yakalipuka. Bosi akadakia, "Alikuwa nacho, ndugu zangu! Alikuwa!"

"Ninacho," msusi akasema. "Si kwamba nilikuwa nacho. Ninacho leo, na asubuhi nimemeza dawa yangu ya hospitali kwa maji ya kunywa."

Makofi yalikatika kama umeme.

"Miaka sita sijaanguka. Hivi vya zambarau nimevila siku tisa. Fikirieni wenyewe ni vipi vilivyonisimamisha miaka sita. Siku tisa hizo nilizoacha dawa, mkono wangu ulianza kuruka. Kliniki wameniambia ningeweza kufa. Mkifurahia mboga na matunda, kuleni, ni vizuri. Lakini asije mtu akawaambia mtupe dawa."

Kinga akaruka jukwaani, kaishika pete mkononi, jasho linamtiririka.

"Samahanini, wapendwa, kipenzi changu ana woga wa watu..."

"Usinishike." Msusi hakupaza sauti, lakini kipaza sauti kilifanya kazi yake. "Uliniambia nikianguka utaniokota. Hukuniambia kwamba nikisimama utaniuza."

Ukumbi mzima ukasema "Eeeh!" kwa pamoja.

Mzee mmoja kwenye safu ya tatu akasimama, kashikilia kiti cha mbele.

"Binti yangu, na mimi wiki ya pili sasa nimeacha dawa za presha. Kichwa kinagonga kama kuna mtu anajenga humo ndani."

"Nani alikwambia uache, baba?"

Mzee akanyoosha kidole. Hakikuwa na haja ya kutafuta.

"Sikusema aache!" Kinga akapiga kelele. "Nilisema apunguze!"

"Ulisema nitupe chooni! Nimetupa chooni, tena nikavuta maji!"

Wengine walicheka, kisha wakaona aibu kucheka. Hapo ndipo mama, yule wa kuogopa mlango ukigongwa, alipokata katikati ya ukumbi na kumshika mzee kwapani.

"Baba, inuka twende hospitali sasa hivi. Mkutano utajimaliza wenyewe."

"Mama, kaa chini!" Bosi alinguruma. "Unaharibu utaratibu!"

"Wewe kaa chini!" mama akamjibu. "Mimi nilikaa chini ya kutosha, nusura nizike mtoto!"

Akamgeukia binti yake jukwaani. "Na wewe shuka huko. Mwenye kifafa chake mwenyewe haombi ruhusa ya kuondoka."

Kinga bado alikuwa kashika pete. "Na hii?" akauliza, kama mtoto.

"Mvishe Bosi wako," msusi akasema. "Ndiye uliyemwahidi."

Akashuka. Watu kama arobaini wakatoka nyuma yao, wengine wakiacha makopo yao kwenye viti. Mzee presha yake ilikutwa iko juu kiasi kwamba walimlaza siku nne. Alitoka mzima, namshukuru Mungu kwa hilo.

Jumbe za Kinga zilikuja mfululizo. *Umenidhalilisha.* Kisha: *Nisamehe.* Kisha: *Nakupenda, hilo halikuwa uongo.* Msusi alizisoma zote, hakujibu hata moja, na alilia, msidhani hakulia. Moyo hauzimwi kama taa.

Jumatano mchana akaja mwenyewe saluni. Hakuwa na tai. Alisimama mlangoni, drayeri mbili zikavuma, wateja wakajifanya wanasoma magazeti.

"Nimeacha ile kazi."

"Umeacha au umeachishwa?"

Akainamisha kichwa. "Waliniachisha. Lakini hata wasingeniachisha, nisingerudi. Nilikuwa naamini. Naapa nilikuwa naamini."

"Uliamini kwamba nitapona. Na siri yangu, hiyo uliamini nini ulipoitoa?"

Kinga alipangusa uso kwa kiganja.

"Nilikupenda kweli."

"Najua. Ndiyo maana inauma."

"Basi nipe nafasi moja. Niambie nifanye nini."

Msusi aliweka chanuo chini. Wateja wakaacha kabisa kujifanya wanasoma.

"Unawajua wote uliowaachisha dawa?"

"Nawajua."

"Nenda nyumba kwa nyumba. Wenye presha, wenye sukari, wote. Uwaambie kwa mdomo uleule kwamba ulikosea, warudi hospitali. Kesho usingoje, anza leo."

"Nitafanya. Nikimaliza utanirudia?"

"Hapana."

"Sasa nifanye kwa ajili ya nini?"

"Ukijiuliza hivyo, ndiyo maana sikurudii."

Kinga akageuka, akatoka. Mshona mapazia, aliyekuwa kitini, akamwona kupitia dirishani akikata kulia, kuelekea nyumba ya fundi viatu mwenye sukari.

"Anakwenda kweli," akanong'ona. "Utaweza kumwacha hivihivi?"

"Nimeshamwacha," msusi akasema. "Inamisha kichwa."

Wanangu, na nyinyi kina mama wenzangu, haya yaepukeni:

Kuacha dawa ya hospitali bila daktari kukwambia, hata kama unajisikia mzima.

Kurudia kwa mkupuo dawa ulizoruka.

Kopo moja linalosemwa linatibu kila ugonjwa.

Kumeza vidonge vya kinga au vya seli pamoja na dawa zako kabla ya kuuliza kliniki.

Mtu anayeitwa daktari na hana mahali anapopimia watu.

Kusambaza ugonjwa wa mtu, hata bila kutaja jina.

Mchumba anayetaka upone haraka ili yeye apandishwe.

Kumwambia binti yako avumilie kwa sababu hatapata mwingine.