Mshenga Kutoka Bunge la Mabwanyenye

Winifrida na Okech walikutana kwa kugongana kituo cha T-Centralen, Stockholm, kwenye ngazi za umeme, watu wakikimbilia treni. Kahawa ya Okech iliishia kwenye koti jekundu la Winifrida.

"Pole, madam. Nitakununulia lingine."

"Madam ni nani? Nipishe, treni inaniacha."

"Basi nipe namba, nijue kama umefika salama."

Akampa. Haikupita miezi mingi wakawa hawalali bila kupigiana simu, Winifrida akiwa kitongoji cha Hallonbergen, Okech cha Tumba.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula, sweetie, lakini bado nina njaa yako."

"Kiswahili chako cha Kisumu kitaniua."

Ikabaki posa. Okech hakuwa na ndugu Sweden wa kumsemea. Badala ya kumwomba Mkenya mwenzake, akamwomba bosi wake awe mshenga, akidhani cheo cha mzungu kitambeba ukweni. Hapo ndipo alipoharibu.

Bosi mwenyewe alikuwa Lodi Wraxcombe, Mwingereza mwenye benki iliyofungua ofisi Stockholm, na Okech alikuwa msaidizi wake. Nisikufiche, msomaji, mtu huyu ananichefua. Benki alirithi kwa baba, kiti cha Bunge la Mabwanyenye alirithi kwa babu, na uwaziri alipewa na rafiki aliyesoma naye. Fedha za kwanza za benki hiyo zilitoka kwenye mashamba ya mkonge ya ukoo wao, Tanga. Hajawahi kubeba hata mkoba wake. Anabebewa na Okech.

Jumapili ya posa, Okech akiwa nyuma yake, Lodi akaingia kwa Mzee Evodius, baba mdogo wa Winifrida, na viatu vyake vyenye tope la theluji, akakanyaga zulia. Winifrida, gauni la kitenge cha kijani limemkaa vizuri, akapiga goti kumwamkia, kama wafanyavyo wasichana wa Bukoba. Yule bwana akamwinua kidevu kwa kidole chenye pete, akamchungulia mdomoni, akasema jambo kwa Kiingereza huku akicheka. Okech naye akacheka.

"Anasemaje?" Mzee akauliza.

"Anasema... binti yenu ana tabasamu zuri, Mzee."

Mzee Evodius alisomea uhandisi kwa Kiingereza. Alielewa kila neno. Winifrida alikwenda bafuni kunawa kidevu kwa sabuni, akarudia tena na tena, na hakutoka mpaka wageni walipoondoka.

Wiki nzima hakupokea simu. Alipopokea, Okech alikuwa na habari.

"Wini, nimeacha kazi."

"Nani kakwambia uache? Yule Mwingereza nimeshamnawa. Wewe ndiye unayenitia kinyaa. Ulicheka, Okech."

"Ni mazoea tu. Akicheka, nacheka. Hata sijui nilianza lini."

"Basi kaoe mazoea yako."

Akakata. Kesho yake Okech akaja mwenyewe kwa Mzee Evodius, akavua viatu mlangoni. Mzee hakumkaribisha kiti.

"Nitafsirie upya alichosema bosi wako. Sawasawa."

Okech akatafsiri, akiwa amesimama.

"Alisema, mchukue huyu, meno yake mazima. Akasema babu yake aliwakagua hivyohivyo watu wa Tanga kabla ya kuwapeleka kwenye mkonge. Na mimi nikacheka, Mzee. Mbele ya mwanamke ninayetaka kumwoa."

Winifrida, aliyekuwa akiwasikiliza kochini, alikuwa bado na hasira, na alitaka kubaki nazo. Hata hivyo akasogea pembeni ya kochi.

"Kaa," akamwambia. "Lakini usinishike kwanza."